Cherehani ya kwanza: anayeanza asikimbilie ya umeme

Kuanzia Novemba biashara ya vyerehani huchangamka. Sare za shule za Januari zinatafutwa, mafundi wanaongeza mashine, na waliomaliza mafunzo ya ushonaji wanaingia sokoni na akiba yao. Hawa wa mwisho ndio wanaoumia. Fundi wa siku nyingi akiuziwa mashine mbovu anayo nyingine barazani. Anayeanza hana, na msimu wa sare ukimpita husubiri mwaka mzima huku mkopo wa kikundi ukidaiwa kila wiki.

Mteja mgeni akifika Kariakoo huonyeshwa kwanza cherehani ndogo ya umeme, nyeupe, nyepesi, yenye mishono ishirini na zaidi. Inapendeza macho. Lakini sare, gauni la kitenge na suruali hushonwa kwa mshono mmoja, ule ulionyooka. Ziguzagu husaidia kumalizia kingo, ila kazi hiyo mafundi wengi humpelekea mwenye ovaloki kwa malipo madogo. Mengine ni mapambo ambayo mteja wa mtaani halipii. Aidha, katika nyingi za bei nafuu baadhi ya gia ni za plastiki, na ikivunjika moja, kipuri chake mara nyingi ni cha aina hiyo peke yake.

Cherehani nyeusi ya miguu inadharauliwa kwa kuwa ni ya kizamani. Uzamani huo ndio faida yake. Baada ya vita vya pili vya dunia, viwanda vya Japani viliiga muundo wa Singer namba 15, na vichwa vingi vya China, ikiwemo Butterfly, vikafuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana sindano na bobini zake hupatikana hata kwenye maduka ya wilayani, na fundi wa kuitengeneza hakosekani. Tena haidai luku. Katika migawo ya umeme ya miaka ya 1992, 1994 na 2006, mwenye cherehani ya miguu aliendelea kushona.

Mashine ya kiwandani ni jambo jingine. Hukimbia mishono ipatayo 5,000 kwa dakika, na mwanafunzi huharibu kitambaa cha mteja kabla hajajua kilichotokea. Hiyo isubiri oda za jumla.

Mtumba si kosa, mradi mnunuzi ajue anachonunua. Kiwanda kikubwa cha Singer kule Clydebank, Scotland, kilifungwa mwaka 1980. Kwa hiyo kichwa chenye alama ya kiwanda hicho kina zaidi ya miaka arobaini, hata kikipakwa rangi iking'aa namna gani. Kinaweza kuwa kizima kuliko kipya. Kinaweza pia kuwa kimelika ndani. Rangi haisemi.

Kinachosema ni kitambaa. Mnunuzi aende na kipande cha khanga na kipande cha jinzi kilichokunjwa mara nne, ashone vyote viwili mwenyewe, asishonewe na muuzaji. Kabla ya hapo azungushe gurudumu kwa mkono taratibu: likikwama mahali pamoja kila mzunguko, kuna chuma kilichopinda au uzi ulionasa. Aishike nguzo ya sindano na kuitikisa. Ikicheza sana, imelika. Atazame bati la chini kama limechanwa na sindano. Mshono ukitoa vitanzi upande wa chini asikimbie mara moja, maana mara nyingi ni uzi wa juu haukupitishwa vizuri au haukukazwa. Mshono unaoruka hata baada ya kubadili sindano ndio wa kuogopwa.

Wapo wauzaji wanaokataa majaribio hayo kwa madai kwamba mashine mpya haijatiwa mafuta. Mafuta yatiwe hapo hapo dukani.

Bei ikitajwa, iulizwe kama ni ya kichwa peke yake au pamoja na meza na miguu ya chuma, kwani huuzwa hata mbali mbali na wengi hugundua hilo wakishalipa. Mkanda, kopo la mafuta, bobini za akiba na sindano namba 14 na 16 viingizwe katika bei hiyo hiyo, na viandikwe kwenye risiti.