Tunaofundisha Mashine Hatuna Barua ya Kazi

Siku hizi kila mkubwa akipewa maikrofoni kwenye kongamano la teknolojia hapa Nairobi lazima aseme mambo matatu: kwamba sisi ndio Silicon Savannah, kwamba M-Pesa ilizaliwa hapa 2007, na kwamba vijana waache kulilia ajira kwa sababu kazi ziko mtandaoni. Hayo mawili ya kwanza sina ugomvi nayo. Hilo la tatu ndilo nataka tulizungumze, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao vijana na kazi yenyewe nimeifanya.

Kwanza tuelewane ni kazi gani. Gari linalojiendesha halijui mtu ni nini. Halijui mpaka mtu fulani akae chini, afungue picha ya barabara, achore kisanduku kumzunguka kila mpita njia, kila baiskeli, kila taa, aandike jina la kila kitu, halafu afungue picha nyingine. Mara elfu, mara laki. Hata hizi programu za kupiga gumzo, ChatGPT na wenzake, hazikuja duniani na adabu zao. Kuna watu walioketi wakasoma maandishi machafu kupita kiasi na kuyawekea alama: hili ni tusi, hili ni mauaji, hili ni unajisi wa mtoto. Hapo ndipo mashine ilipojifunza cha kukataa. Ukisikia akili unde, usifikirie roboti. Fikiria kijana wa Githurai, macho mekundu, saa nane usiku.

Mimi nilipewa barabara. Nimechora visanduku kwenye barabara zilizofunikwa na theluji mpaka nikajua kutofautisha theluji mpya na ile ya jana, na theluji yenyewe sijawahi kuiona ila ya Mlima Kenya, kwa mbali, asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Mwongozo wa kazi ulikuwa kurasa hamsini na kitu, na ulibadilishwa usiku bila mtu kuambiwa. Picha moja ilikuwa senti kadhaa za dola. Mkaguzi usiyemjua akiikataa, kwa sababu usiyoelezwa, hulipwi. Laptopu ni yako, bando ni lako, stima ni yako. Tokeni zikiisha katikati ya kazi, shauri yako na mita yako. Kuna wiki kazi zilifurika hadi tukawa tunalala kwa zamu, na kuna wiki unafungua ukurasa unakuta hakuna kitu, unaufungua tena baada ya dakika kumi, hakuna kitu, na kodi ya nyumba inangoja tarehe tano.

Lakini malipo siyo yaliyoniudhi zaidi. Kibarua cha malipo duni Kenya hii tunakijua, si jambo jipya. Kilichoniudhi ni kuambiwa kwamba huo ni mwanzo wa taaluma. Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikisomea kompyuta, karo ilipokwama, na kila mtu aliyenionea huruma alikuwa na wimbo mmoja: si lazima digrii, ingia mtandaoni, utapanda polepole. Utapanda wapi? Kwani ngazi iko wapi? Fundi wa magari huanza kwa kushika spana, baadaye anashika injini. Anayechora visanduku hafiki siku akaonyeshwa injini. Hajui hata mteja ni nani, kwa sababu mradi umepewa jina la bandia, na ametia sahihi mkataba wa kutunza siri. Ndiyo maana ukitafuta kazi nyingine baada ya miaka miwili, CV yako ina tundu. Huwezi kuandika ulichofanya, huwezi kutaja uliyemfanyia, na hakuna meneja wa kukusemea kwa sababu aliyekuwa juu yako alikuwa namba kwenye skrini. Watu wengi wanaotusifu majukwaani hawalijui jambo hili. Wanahesabu waliopata kazi mtandaoni. Hakuna anayehesabu waliotoka huko wakiwa na cha kuonyesha.

Serikali yenyewe imekuwa ikituuza hivi tangu 2016, ilipoanza mpango wa Ajira Digital. Sisemi mpango wote ni bure, wapo waliojifunza mambo ya maana. Nasema tu kwamba kumfundisha kijana kutafuta kazi mtandaoni bila kumwambia nani atawajibika asipolipwa ni kama kumfundisha mtu kuogelea ukamficha habari za mamba.

Sasa twende kwenye hesabu. Januari 2023 jarida la TIME lilichapisha habari kuhusu kazi ambayo OpenAI iliipa kampuni ya Sama hapa Nairobi, ile ya kuyawekea alama maandishi machafu. Kwa mujibu wa habari hiyo, mikataba ilisema OpenAI ingelipa dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi alipeleka nyumbani kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati ule, hiyo ni kama shilingi 1,400 zinazoingia mlangoni, na kati ya 150 na 230 zinazomfikia anayesoma habari za unajisi. Sama ilijibu kwamba zile 12.50 zilikuwa za gharama zote, si za mshahara peke yake. Sawa, nyumba ya ofisi ina kodi. Lakini hata mama mboga akikuambia kwamba katika kila shilingi kumi anayelima sukuma anapata moja, utamuuliza hizo nyingine zimekwenda wapi.

Na kuna waliouliza, tena mahakamani. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuja Nairobi kuchuja maudhui ya Facebook chini ya Sama, aliishtaki Sama na Meta mwaka 2022. Meta ikasema haiwezi kushtakiwa Kenya kwa sababu haina ofisi hapa wala haikumwajiri. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikakataa hoja hiyo. Mwezi uliofuata, wachujaji walioachishwa kazi wakaenda kortini nao. Mei mosi mwaka huohuo, zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema vilevile: kesi zisikilizwe hapa. Na kabla mwaka haujaisha, ripoti za daktari zilizowasilishwa kortini zikaonyesha kwamba zaidi ya 140 kati ya wachujaji hao waligunduliwa kuwa na ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe. Isome tena idadi hiyo. Hawa walikuwa wamekaa kwenye viti, ndani ya jengo lenye wifi, wakitazama video ili wewe na mimi tusizione.

Ukifikiria vizuri, huo ndio uvumbuzi mkubwa uliotoka Nairobi katika miaka hii. Siyo apu. Ni majaji waliosema kwamba kampuni ikijificha nyuma ya kampuni nyingine bado inaweza kuitwa kortini na mtu iliyemtumikisha. Nchi nyingi zilikuwa zinatutazama kwa hilo.

Sisi tukafanya nini? Tukaenda kutengeneza mswada. Mwaka 2024 Seneti ililetewa Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Biashara, na ndani yake kukawekwa kifungu cha kuzikinga kampuni za nje zinazoleta kazi kupitia wakala zisishtakiwe na wafanyakazi wa wakala huyo. Yaani kile ambacho Meta ilishindwa kukipata kwa mawakili, kinaletwa kwenye sahani na wabunge tuliowapigia kura wenyewe. Disemba mwaka huo Rais Ruto alilizungumzia hadharani, akieleza jinsi kampuni hizo zilivyosumbuliwa kwa kesi na kwamba sheria inageuzwa ili jambo hilo lisijirudie. Alilitaja kama habari njema. Ukumbini walikuwamo vijana.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia mezani kwetu nyumbani: afadhali shilingi 150 kuliko sifuri, na mkiwabana hawa watu watahama. Hilo si jibu la kipumbavu, na sitalipuuza. Ni kweli wanahama. Machi 2024 Remotasks, mtandao wa kampuni ya Scale AI, uliwafungia Wakenya mlango kwa barua pepe. Ni kweli pia kwamba uchujaji wa Facebook uliondoka Nairobi, na 2025 ikaripotiwa kwamba umepelekwa Accra. Lakini angalia kilichofuata: huko Accra nako wafanyakazi wakaanza kulalamikia mambo yaleyale, mpaka mawakili wakaanza kuandaa kesi. Mtu anayekuhama kwa sababu umemdai haki yake hakuwa amekuja kukaa. Na wale wa Remotasks waliondoka bila mtu yeyote kuwashtaki hapa! Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ukimya ndio unaowashikilia. Wanakaa mahali penye watu waliosoma, Kiingereza kizuri na intaneti isiyokatika, na hivyo vyote tunavyo. Tunavyo kwa sababu wazazi walilipa karo na serikali ikakopa pesa za kutandaza nyaya. Hiyo ni mali. Anayeiuza kwa bei ya kutupa, halafu akaongeza kinga ya mashtaka kama nyongeza ya bure, huyo si mfanyabiashara.

Mimi siombi kazi hizi zifukuzwe. Mwezi huu kuna rafiki zangu wanaokula kwa sababu ya kazi hizi. Ninachotaka kinaingia kwenye karatasi moja. Mwenye data na wakala wake wawajibike pamoja kwa mshahara na kwa afya ya anayeifanyia kazi. Anayefunga akaunti ya mtu aeleze sababu na alipe kilichokwisha fanywa. Mkataba wa siri usimzuie mtu kusema alifanya kazi gani, kwa muda gani, hata kama jina la mteja litafichwa. Na anayekaa kutazama mauaji kutwa nzima apate matibabu ya daktari wa kweli, siyo kile chumba chenye mito ya rangi kinachoitwa cha kupumzikia. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa sawa kazini. Hakijasema isipokuwa wa mtandaoni.

Kifungu cha 118 cha Katiba hiyohiyo kinalitaka Bunge kuushirikisha umma kwenye kazi zake za kutunga sheria, na maoni huandikwa kwa Karani wa Seneti. Nimeandika yangu, kurasa mbili, nikaweka jina, namba ya kitambulisho na mahali ninapoishi. Sehemu ya kazi niliyowahi kufanya nimeiandika kwa kirefu, na jina la mteja nimeacha mstari mtupu kwa sababu mpaka leo sijaambiwa.