Kabla ya ng'ombe wa pili, tuhesabu kazi

Wamama wapenzi, tukitaka kununua ng'ombe wa maziwa tunahesabu bei, tunasahau kazi. Twaeni daftari, muandike kazi ya siku moja kwa ng'ombe anayelishwa zizini. Mfano: kukata majani, masaa 2, kuteka maji, saa 1, maana anayekamuliwa anaweza kumaliza bidoni 3 za lita 20, kukamua asubuhi na jioni, dakika 40, kusafisha zizi, dakika 30, kupeleka maziwa, dakika 50. Jumla masaa 5. Kwa juma ni masaa 35, kwani ng'ombe hajui siku ya Mungu.

Akiongezeka wa pili, safari ya maziwa inabaki moja, lakini majani, maji na kukamua ni mara mbili. Jumla inapita masaa 8.

Sasa andikeni jina pembeni ya kila kazi. Jina la binti likirudi kila asubuhi, ataingia darasani somo la kwanza limekwisha. Gawaneni zamu, wababa na vijana wakiwemo, ama mlipe mfanyakazi kwa feza ya maziwa. Kama haitoshi, ng'ombe wa pili angoje.