Uzi mwekundu juu ya pulovere la zamani



Juma lililopita binti mmoja wa kozi yetu ya kushona alirudi na nguo yake ndani ya sashe. Alikuwa ameishona kwa pulovere mbili za mitumba na kipande cha kikwembe cha mama yake kilichochakaa. Sisi tulimpa 8 juu ya 10. Nyumbani aliambiwa: "Watu watasema tumekosa hata pesa ya kitambaa." Basi akaturudishia, sisi walimu tunaofundisha watoto kushona matambara.

Tuseme ukweli, tuliumia kidogo. Lakini macho ya majirani tunayajua, hata sisi tunayaogopa. Ndiyo maana leo tunawasimulia habari za Lamine Badian Kouyaté.

Huyu alizaliwa Bamako, nchini Mali, katika 1962. Alienda Ufaransa kusoma mambo ya kujenga nyumba, lakini akaishia kwenye mashini ya kushona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa na chumba chake cha kazi huko Paris ndani ya hospitali ya zamani, Bretonneau, iliyokuwa imefungwa na kuachiwa wasanii. Hakuwa na pesa ya kununua vitambaa vipya. Alinunua nguo kuukuu sokoni: pulovere, soksi ndefu za wanawake, mashati, magauni yaliyopitwa na wakati. Akazikata, akaziunganisha upya zikae vizuri mwilini.

Sasa sikieni jambo lililotushangaza. Hakuficha kitu! Mishono aliiweka nje, kwa uzi mwekundu, na nyuzi nyingine akaziacha zikining'inia. Hata etiketi ya kiwanda cha kwanza aliiacha mahali pake, ili anayenunua ajue nguo ilikuwa na maisha mengine kabla yake. Jina alilolipa kazi yake ni Xuly Bët. Ni Kiwolof, maana yake ni kama kumwambia mtu afungue macho vizuri.

Alipotaka kuonyesha nguo zake hakukodi ukumbi. Wasichana waliovaa nguo zake walifika kwa basi kwenye bustani ya Tuileries, wakiwa na redio zao za kaseti. Katika 1994 nguo zake zilionekana katika filamu ya Robert Altman, Prêt-à-Porter. Tusiwadanganye lakini: baadaye ikaja miaka ambayo jina lake lilisikika kidogo tu. Aliendelea kushona.

Wamama, kule Paris watu waliona ni kitu kipya. Je, kwetu ni kipya? Nani kati yetu hajageuza koti la balo kuwa sketi ya mtoto? Tofauti ni kwamba sisi tunaificha mishono na kuomba Mungu mtu asitambue.

Wanafunzi wetu walitaka kujua kazi yenyewe inaendaje, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu. Pulovere ukiikata tu, inafumuka. Pitisha kwanza mishono miwili karibu na mstari, halafu ukate nje yake. Kikwembe kinachoka mahali pa kukalia na kwenye mikunjo. Kifue, kiinue mbele ya dirisha, na pale mwanga unapopita sana usipatumie, hata kama ua lake ni zuri kuliko yote. Na kitambaa kinachovutika usikishone na kisichovutika bila kukiwekea kitambaa kingine ndani, maana baada ya kufua mara mbili nguo itapinda. Binti yetu alikosa hapo, ndiyo zile pointi 2.

Liko swali moja tulilobishana wenyewe kwa wenyewe bila kulimaliza. Kikwembe cha wax ya Holland alichoacha mama aliyefariki, je, kikatwe? Mwenzetu mmoja anasema kukikata ni kumzika mara ya pili. Mwingine alikigawa cha mama yake vipande vinne, kimoja kwa kila binti, na sasa kinavaliwa kila Noeli. Zamani kilikuwa kinaliwa na panya sandukuni. Sisi tunaomba tu kwamba mtoto asikate kitu bila ruhusa ya mwenye nacho. Nguo ile iliyorudishwa, kikwembe chake kilichukuliwa bila kuuliza, na hapo mzazi alikuwa na haki kabisa.

Tumekwenda kumwona. Tulikunywa chai, tukamwonyesha mishono. Hakusema ndiyo. Lakini sashe aliibakiza, na alipotusindikiza mlangoni aliuliza kama mikono inaweza kurefushwa kidogo, kwa sababu yeye husikia baridi asubuhi.