Trekta Bovu Halina Mwandishi

Nina ugomvi na shamba la fasihi yetu, na leo nautoa hadharani.

Chukua hadithi kumi za kijijini tunazosifiana huku mitandaoni. Utakuta jembe la mkono, mama mwenye mtoto mgongoni, jua linazama, jasho linatiririka. Trekta likitokea, linakuja kama mgeni rasmi: la serikali, au la tajiri anayepora ardhi. Linanguruma ukurasa mmoja, linaondoka. Halikati mkanda. Halichemshi. Halilali shambani wiki nzima kwa sababu ya beringi moja huku mvua za kupandia zinapita. Na kwa kuwa haliharibiki, fundi hana sababu ya kuitwa. Ndiyo maana tunasoma sana juu ya walimu, wanasiasa, waganga na wapenzi, lakini mtu anayelala chali kwenye tope chini ya injini hatumjui hata kwa sura.

Naandika haya kutoka Songea. Wasomaji wengi mnaijua Songea kwa Vita vya Majimaji na mashujaa walionyongwa hapa tarehe 27 Februari 1906. Sawa, ni haki yake. Lakini Ruvuma ya leo ni mahindi, na mahindi ya eka nyingi ni habari ya mashine. Pita kwenye gereji za pembezoni mwa mji utakuta Massey Ferguson 135, trekta ambalo Uingereza ilianza kulitengeneza mwaka 1964 na kuliacha katikati ya miaka ya 1970. Utakuta Valmet, ndugu wa yale yaliyounganishwa Kibaha miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Ufini. Na utakuta pawatila, vile vitrekta vya magurudumu mawili vya kushika kwa mikono, vilivyoingia kwa wingi baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009.

Mengi ya haya yangekuwa chuma chakavu zamani kama si mafundi. Kipuri halisi ama hakipo, ama kiko Dar es Salaam, ama bei yake inakula faida yote ya msimu. Kwa hiyo kinatengenezwa hapa hapa: kinachongwa, kinakerezwa, kinachomelewa, kinaazimwa kwenye Land Rover iliyokufa. Ekseli ya gari inakuwa tela. Sahani ya haro iliyokatika inakuwa jembe la matuta.

Na kazi yote hii tumeipa jina moja la dharau: kienyeji.

"Ah, hilo trekta la kuungaunga tu." "Wamelitengeneza kienyeji." Nimeyasikia kwa watu wenye digrii za fasihi, watu ambao wakiletewa utenzi wa kale uliounganishwa beti kwa beti kutoka nakala tatu zilizoliwa na mchwa, wanauita hazina ya taifa. Kwani kuunganisha kuna dhambi pale tu mikono inapokuwa na grisi?

Tazameni wenzetu. Marekani kuna vitrekta vya bustani vya zamani, kama Wheel Horse, kampuni iliyoanza mwaka 1946 huko South Bend, Indiana, au Cub Cadet za International Harvester za miaka ya 1960. Vikongwe hivyo vina wapenzi, vina vyama, vina vitabu. Mstaafu wa huko akitengeneza nyumbani kwake jembe la kusukuma theluji, ataeleza bolti kwa bolti, kwa picha na vipimo, na wenzake watamsoma kwa heshima zote. Miaka ya 1930 na 1940 wakulima wao walikuwa wakigeuza magari makuukuu ya Ford kuwa matrekta kwa mikono yao wenyewe. Leo matrekta hayo yanapelekwa kwenye maonyesho. Mwaka 2023 jimbo la Colorado likapitisha sheria ya kumpa mkulima haki ya kutengeneza mashine yake, maana matrekta mapya yamefungwa kwa programu za kompyuta na mwenye mali anakatazwa kuyagusa.

Sasa niambieni: akiifanya mstaafu wa Indiana ni urithi, akiifanya kijana wa Lizaboni ni umaskini? Chuma ni kile kile. Mmoja kaandikwa, mwingine hajaandikwa, basi.

Kama mfano wa ng'ambo unakuudhi, nenda Mbinga, hapa hapa mkoani. Wamatengo wanalima kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona anashika kichwa. Wanafyeka majani, wanayapanga chini kwa miraba, wanayafukia kwa udongo wa katikati, yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni badala ya kukimbia na udongo. Majani yanaoza, yanakuwa mbolea. Ndiyo ngoro, na ina zaidi ya miaka 100. Nayo ilikuwa "kilimo cha kienyeji" kwa wasomi wengi mpaka watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walipokaa na wakulima miaka ya 1990, wakapima, wakaandika. Siku hizi msomi akisema "ngoro" anainua sauti kidogo. Shimo lenyewe halijabadilika hata inchi moja.

Niwaonyeshe kinachopotea wakati sisi tunaandika machweo.

Pawatila nyingi zilibuniwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga, udongo laini wenye maji. Ukiileta kwenye udongo mwekundu wa huku kabla mvua haijakolea, visu vyake vya kulimia vinalika kama sabuni. Kuna fundi mmoja mzee ambaye huwa namtembelea. Yeye anavitengeneza upya kwa springi za lori.

"Shikamoo mzee. Kwa nini springi? Nondo si ipo tele?"

"Marahaba mwanangu. Nondo inapinda. Springi ina roho ngumu."

Anaikata, anaipasha moto mpaka iwe nyekundu, anaipinda juu ya kipande cha reli. Halafu anaizamisha kwenye oili chafu. Haitii kwenye maji, kwa sababu maji yanaipoza kwa kishindo na chuma cha namna hiyo kinaweza kupasuka. Ikitoka hapo ni ngumu lakini ni kavu kama kioo, ikigonga jiwe inakatika. Kwa hiyo anaisugua ing'ae, anairudisha kwenye moto mdogo na kuitazama rangi: inaanza kama majani makavu, inakolea, na inapoelekea buluu tu, anaitoa. Muda wa kazi hiyo haupimwi kwa saa. Unapimwa kwa jicho, na jicho hilo limechukua miaka 40 kulifundisha.

Na hakichomelei kisu hicho. Anakitoboa na kukifunga kwa bolti. Springi ukiichomelea kwenye chuma laini bila kuipasha moto kwanza, haikatiki kwenye ushono. Inakatika kando ya ushono, wiki ya pili, na mteja anadhani umemwibia.

Au chukua mashine ya kupukuchua mahindi aliyoiunganisha na injini ya pawatila. Injini hiyo, ya silinda moja na nguvu za farasi 12, inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Ukiifunga moja kwa moja kwenye ngoma ya kupukuchulia, utapata chenga badala ya punje. Mzee akaweka puli ya inchi 4 kwenye injini na ya inchi 10 kwenye ngoma. Piga hesabu: mizunguko 800. Hakuandika popote. Alichora kwa chaki kwenye bati, mvua ikafuta.

Hapo kuna sayansi ya vyuma, kuna hesabu, kuna historia ya uchumi wa mkoa. Yote yako kwenye kichwa cha mtu aliyepita miaka 70, ana wanafunzi wawili, na mmoja anataka kwenda kuendesha bodaboda.

Nimetaja puli. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia insha akiwa amefuta "puli" kila mahali na kuweka "kapi". Kapi ni neno zuri sana, la mabaharia wa majahazi, nalipenda. Lakini nenda gereji yoyote Songea uombe kapi, uone utaletewa nini. Parafujo na bomba tulivipata kwa Wareno. Vilipoingia, nani aliomba kibali? Waliovishika mkononi walivipa matamshi, na Kiswahili kikaendelea na safari. Kukereza lilikuwa neno la seremala anayechonga miguu ya vitanda. Leo ni la anayechonga shafti za chuma, na wala halikuitishiwa semina. Ukiwa mwandishi unayeogopa kuandika "gasketi", "klachi" na "injekta" kwa sababu hazina harufu ya utenzi, basi wewe hulindi lugha. Unaifungia kabatini. Na kumbuka fundi na mwanafunzi ni maneno ya mzizi mmoja, ule wa kufunda. Lugha yenyewe iliwaweka benchi moja. Sisi ndio tuliowatenganisha.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: ufundi huu ni wa hatari, usiusifie. Kweli una hatari, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuandika. Shafti ya nyuma ya trekta, ile inayoitwa PTO, kwa kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika. Ni mara 9 kwa sekunde. Kanga ikinaswa pale, mtu hapati muda wa kupiga kelele. Matrekta mengi ya zamani yamepoteza kifuniko cha shafti hiyo. Kifuniko unaweza kukitengeneza kwa bati la pipa na bolti nne, mchana mmoja. Tena kuna ile bolti laini inayowekwa kwenye mashine makusudi ili ikatike jiwe likiingia, giaboksi ipone. Dereva akichoka kuibadilisha anaweka bolti ngumu, anajiona mjanja. Jiwe linalofuata linakula gia zote. Fundi mzuri anayajua haya. Fundi mbaya hayajui, na hana mahali pa kuyasoma kwa lugha anayoielewa, maana kitabu kilichokuja na mashine, kama hakijafungiwa vitumbua, ni cha Kiingereza au Kichina. Kunyamaza kwetu hakujamwokoa mtu yeyote.

La pili, na hili ndilo la wanafasihi: fasihi si mwongozo wa spana. Haya. Adam Shafi alipoandika Kuli mwaka 1979, aliwaweka wapakizi wa bandari ya Unguja katikati ya riwaya, na hakuna aliyelalamika kwamba mizigo imeichafua sanaa. Kazi inabeba riwaya. Kinachokosekana ni sisi kuijua kazi hiyo kiasi cha kuiandika. Serikali ilikwisha kukiri zamani kwamba karakana ni jambo la maana: iliunda SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na CAMARTEC, Arusha, mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Peramiho, si mbali na hapa, wamisionari waliofika mwaka 1898 walikuja kuwa na karakana na kiwanda cha kuchapa vitabu katika misheni ile ile. Spana na kitabu havikugombana.

Wazee wanasema usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo tunaifundisha shuleni, tunaiwekea alama kwenye mtihani, halafu hatumuulizi muundaji hata jina la nyundo yake.

Basi nawapa changamoto, hasa ninyi mnaoandika hadithi. Kabla ya msimu ujao, nenda gereji moja iliyo karibu nawe. Usiende na kamera ya kupiga picha za mikono yenye makovu, tunazo za kutosha. Nenda na daftari. Chagua tatizo moja: injini inayotoa moshi mweupe, klachi inayoteleza, kisu kinachokatika. Mpe fundi heshima yake, mlipe muda wake maana unamchelewesha, kisha andika alichofanya tangu mwanzo hadi injini inapowaka, kwa maneno yake.

Ukimaliza, uipeleke kwa fundi mwingine asiyemjua wa kwanza, wa Namtumbo au wa Madaba, umsomee. Akiweza kuirudia kazi ile kwa kusikiliza maandishi yako, umeandika. Akikuna kichwa na kukuuliza "sasa hapa alifunga nini na nini?", rudi ukaandike upya. Mimi binafsi sijui kipimo kikali zaidi cha nathari ya Kiswahili kuliko hicho, na ningependa kuona ni wangapi kati yetu tunaotoboa.