Waulizwe Wajuzi, Nao Wapimwe



Vijana wetu wasomao sayansi mashuleni hutuuliza: Je, yafaa mnyama aliye hai apasuliwe, au atiwe ugonjwa, ili wanadamu wapate dawa? Na ikiwa yafaa, ni nani wa kumwekea mipaka yule mwenye kushika kisu? Sisi walimu wa vyuo vya Kurani si watu wa maabara. Lakini tumeamrishwa tuwaulize wenye kujua katika lile tusilolijua; kwa hiyo twaona yafaa tutazame jinsi wengine walivyouliza, na faida waliyoipata.

Jambo lenyewe si dogo. Mwaka 1921, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanya majaribio juu ya mbwa, na kwa kazi hiyo ikapatikana insulini. Mwaka 1922 wagonjwa wa kisukari wakaanza kutiwa. Ni nyumba ngapi leo ambazo mzazi yu hai kwa sindano hiyo! Basi asemaye kuwa majaribio yote yangalipigwa marufuku tangu zamani, na amtazame kwanza mgonjwa huyo. Na asemaye kuwa mnyama ni mnyama tu, afanywe lolote, naye akumbuke kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alituamuru tunoe kisu hata kwa yule tumchinjaye, ili asiteseke.

Uingereza ndiyo iliyotangulia kulitungia sheria jambo hili. Mwaka 1875 Serikali yake iliweka Tume, mwenyekiti wake akiwa Lord Cardwell, iwahoji wataalamu kwanza. Charles Darwin aliitwa, akasema kuwa elimu ya kazi za mwili haiwezi kuendelea bila ya majaribio. Lakini amtesaye mnyama hali angeweza kumpa dawa ya usingizi, huyo astahili kuchukiwa. Kisha akahojiwa Emanuel Klein, mtaalamu hodari. Yeye alieleza waziwazi kwamba akiwa kazini hayajali maumivu ya mnyama, na kwamba dawa ya usingizi huitumia kwa ajili ya wepesi wa kazi yake tu. Wajumbe walishtuka, na jawabu lile lilisaidia sana kuleta sheria ya mwaka 1876.

Sheria hiyo ilimtaka kila mfanya majaribio awe na ruhusa ya Serikali. Mnyama alazwe kwa dawa ya usingizi. Na ikiwa maumivu yangebaki baadaye, auawe kabla hajazinduka, isipokuwa kwa idhini maalumu. Ndani yake mna neno moja dogo la kuzingatiwa: kwamba sumu iitwayo kurare haihesabiwi kuwa ni dawa ya usingizi. Kwa nini? Sumu hiyo, ambayo wenyeji wa Amerika ya Kusini waliipaka mishale yao, hulegeza viungo lakini haiondoi hisia. Mnyama hulala kimya, hatikisi hata ukucha, na maumivu ayasikia yote. Mtu kama sisi akimtazama angesema, amepumzika. Mjuzi ndiye awezaye kusema, la, huyu ateseka.

Hapa twapata mafunzo mawili. La kwanza, mwenye huruma asiye na ujuzi hudanganywa na macho yake. La pili, mjuzi aliyekosa huruma huizoea damu, hata asiione. Na wahenga wamesema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Kiingereza, Russell na Burch, walitoa kitabu chenye mashauri matatu: mnyama asitumiwe ikiwa njia nyingine yapatikana; wakitumiwa, idadi yao ipunguzwe; nao wale watumiwao wapunguziwe maumivu. Mwaka 1986 Uingereza ikatunga sheria mpya, ikaweka kamati ya kumshauri Waziri. Theluthi mbili ya wajumbe walitakiwa wawe madaktari wa watu, au wa wanyama, au wasomi wa elimu ya viumbe. Mmoja wao angalau awe mwanasheria. Na nusu yao angalau wasiwe na ruhusa ya kufanya majaribio, wala wasiwe wamepata kuwa nayo katika miaka 6 iliyotangulia. Tazameni hekima iliyomo: wajuzi walitakiwa, lakini hawakuachiwa wajihukumu wenyewe. Kamati hiyo ilidumu hadi mwisho wa mwaka 2012, kisha ikafuatwa na nyingine.

Basi enyi vijana, mkijaaliwa kuingia maabara, msione haya kumuuliza mwalimu wenu: Je, hakuna njia nyingine? Je, wanyama hawa wote wahitajiwa? Je, huyu aliyelala ni kweli hasikii? Na enyi wazazi, mtoto akiuliza maswali kama haya nyumbani, msimkemee, wala msimjibu kwa kubahatisha. Mpelekeni kwa daktari wa wanyama, na kwa mwanasheria, na kwa mwanachuoni, kisha mpime maneno yao wote watatu. Mnyama hawezi kusimama mbele ya Tume akahojiwa. Atakayeulizwa juu yake ni sisi.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na nyoyo zenye huruma. Amin.