Rongo ni Kijani Kote, Mbona Watoi Wanalala Njaa?

Ukipita Rongo na mat ya kwenda Migori, macho yatakudanganya. Kijani kushoto, kijani kulia, miwa imesimama kumshinda mtu mrefu. Wasee wa Nairobi hupenda kusema ocha hakuna njaa, unachuma tu sukuma nyuma ya nyumba. Enyewe, hiyo ni stori ya mtu anayeenda nyumbani Disemba pekee.

Miwa si dishi. Mtoi anaweza kutafuna kipande akitoka shule, sawa, lakini hawezi kukulia hapo. Na shamba likishajaa miwa, mahindi na maharagwe yanabakishiwa kona. Muwa huchukua kama miezi 14 hadi 18 kukomaa. Huo wote ni muda wa kungoja doh, na bado malipo yanaweza kuchelewa. Wakulima wanaopeleka miwa Sony Sugar, pale Awendo, wamelilia madeni miaka nenda miaka rudi.

Kumbuka 2023. Mwezi wa Julai serikali, kupitia AFA, iliagiza viwanda visimamishe usagaji kwa miezi kama 4 ju miwa changa ilikuwa inakatwa. Sababu ilikuwa ya maana, sikatai. Lakini mkata miwa anayelipwa kwa kazi ya siku, asiye hata na shamba, angelisha watoi na nini hiyo miezi yote?

Hapa ndipo watu hutaja benki ya chakula. Food Banking Kenya, iliyoanza 2017, huchukua mboga na matunda yaliyokataliwa na soko ju ya saizi au umbo, chakula kiko fiti kabisa, inakipeleka kwa shule na makao ya watoto. Idea safi. Ila hiyo inafanya kazi vizuri karibu na mashamba ya wauzaji wa nje. Rongo ziada ni ya aina nyingine: nyanya za mama mboga zitakazooza kesho, na ndizi zinazoteremka kutoka Kisii. Kubwa kuliko zote ni mahindi. Baada ya mavuno ya mvua ndefu, kuanzia Julai hivi, yanauzwa bei ya kutupa kulipa karo, halafu Aprili familia ileile inayanunua kwa kilo, tena bei juu.

Kwa hivyo benki ya chakula ya huku inafaa kuwa stoo kwanza. Nunua au changisha mahindi Agosti, yakaushe unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 (la sivyo sumukuvu itakuja kumaliza watu), ufungue mlango Aprili. Wazee wetu walikuwa na dero uani, si eti tunabuni kitu kipya.

Shida ni kwamba hiyo kijani inaiponza Rongo. Programu ya serikali ya chakula shuleni hulenga zaidi kaunti kame na mitaa ya mabanda. Nairobi kuna Dishi na County tangu 2023, mtoi analipa kobole, yaani shilingi 5, anakula mchana. Huku mtoi hakondi vile picha za ukame zinaonyesha. Anashiba ugali, lakini mwili haupati protini. Utafiti wa KDHS wa 2022 ulipata asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 Kenya wamedumaa. Na omena, protini ya bei ya chini kutoka ziwani hapo Homa Bay, nyingi inaishia kwa chakula cha kuku. Kuku!

Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Haikusema mtoto wa kaunti kame peke yake.

Stoo ikijengwa, tafadhali funguo isikae kwa mheshimiwa. Tunajua unga wenye sura ya mtu kwa pakiti huja mwaka gani. Wapewe akina mama wa nyoluoro. Hao tayari wanaweka pesa ya pamoja na kuandika kila shilingi, na wanajua ni jiko gani halijawashwa tangu jana.