Ngazi za Sevilla na Madhabahu ya Mkunazini

BARAZANI
Na Zuhura Mwinyimkuu

Binti wa dada yangu amepata nafasi ya kusoma Sevilla, kusini mwa Hispania, mji ambao nami nilisoma kwa muda nilipokuwa na umri kama wake. Tangu barua ya ufadhili ifike swali lake ni moja: Mama mdogo, nikifika niende wapi kwanza? Kila aliyewahi kukanyaga kule atamjibu kanisa kuu, na mimi jibu langu ni hilo hilo. Wengine watamhimiza akate tiketi mapema, aonyeshe kitambulisho cha mwanafunzi apunguziwe kiingilio, apande mnara. Apande. Ila kabla hajaingia namtaka azunguke nje taratibu, aziangalie ngazi.

Mnara wenyewe unaitwa Giralda, na sisi tuliolelewa karibu na msikiti tutautambua mara moja. Ulianza kujengwa mwaka 1184 kuwa mnara wa adhana wa msikiti mkuu, enzi za Waalmohad waliotawala kutoka Marrakech, ukakamilika mwaka 1198. Una ndugu zake Morocco: Koutoubia pale Marrakech, na ule wa Hassan mjini Rabat ambao haukumalizika. Chini kabisa, kwenye msingi, mafundi walitumia mawe ya Warumi, na ukiinama utaona herufi za Kilatini kwenye jiwe lililopangwa na mtu ambaye hakujali linasema nini. Ndani hakuna ngazi ila pale juu mwishoni. Unapanda kwa njia ya mwinuko inayozunguka kuta, vipande 35, pana kiasi kwamba mwadhini aliweza kupanda na mnyama wake. Wanafunzi wenzangu walifurahia sana habari ya mnyama. Mimi nilimwonea mwadhini wivu.

Mwaka 1248 Fernando wa Tatu, mfalme wa Castilla, aliutwaa mji. Inasimuliwa kwamba Waislamu waliosalimu amri waliomba ruhusa ya kuubomoa mnara wao kabla ya kukabidhi mji, na mwana wa mfalme, Alfonso, akawajibu kuwa likitoka tofali moja tu, hatabaki mtu hai. Iwe kweli au chumvi ya wasimulizi, mnara ulibaki. Msikiti ukatumiwa kama kanisa kwa zaidi ya miaka 150, hadi mwaka 1401 mapadre wakuu walipoamua kujenga jipya, kubwa kiasi kwamba watakaoliona wawadhanie wendawazimu. (Habari hiyo ya wendawazimu utaisikia kwa kila mwongoza watalii, nadhani hawapewi leseni bila kuikariri.) Mnara waliuacha, wakauongezea sehemu ya kengele kati ya 1558 na 1568. Waliuacha pia ua wa michungwa, na ule mlango wa zamani wa ua wanaouita Lango la Msamaha, ambao mbao zake zimefunikwa kwa shaba nyeusi yenye maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi. Maneno ya Kurani yapo pale mpaka leo, na watu wanapita wakipiga picha za michungwa.

Wapo wanaoitaja hali hiyo kama ushahidi wa dini kuvumiliana. Siafiki. Aliyeteka nyumba ya mwenzake akaacha mapambo kwa sababu yanampendeza, sina haja ya kumwita mvumilivu.

Ndani sitakaa sana, maana vitabu vya watalii vimekwisha kukaa huko. Kuna madhabahu kuu ya mbao zilizofunikwa dhahabu, iliyoanzwa na Pieter Dancart mwaka 1482, imejaa masimulizi ya maisha ya Yesu hadi shingo inauma kwa kutazama juu. Kuna mchoro wa Murillo wa mwaka 1656, wa Mtakatifu Antonio. Mwaka 1874 mwizi alimkata mtakatifu kutoka kwenye kitambaa kwa kisu, naye akaja kupatikana New York. Kuna kaburi la Fernando lililoandikwa Kilatini, Kikastilia, Kiarabu na Kiebrania. Na kuna jeneza la Christopher Columbus, limebebwa mabegani na sanamu nne za wajumbe wa Castilla, León, Aragón na Navarra. Kaburi hilo lilitengenezwa kwa ajili ya kanisa kuu la Havana. Hispania ilipoipoteza Cuba mwaka 1898, marehemu na kaburi lake wakarudishwa. Jamhuri ya Dominika nayo inashikilia kwamba Columbus wa kweli yuko kwao, Santo Domingo. Bwana yule hakutulia akiwa hai, na kifo hakikumtuliza.

Sasa tutoke nje.

Kanisa limezungukwa na jukwaa la mawe lenye ngazi, na kando yake nguzo fupi zilizounganishwa kwa minyororo. Jukwaa hilo liliitwa Gradas. Katika karne ya 16 biashara yote ya Hispania na Amerika ilipaswa kupita Sevilla. Tangu mwaka 1503 palikuwa na ofisi ya serikali, Casa de Contratación, iliyosimamia meli, shehena na abiria. Dhahabu na fedha zilipanda mto Guadalquivir hadi mjini. Wafanyabiashara hawakuwa na jengo lao, wakazoea kukutana kwenye ngazi za kanisa, kama wazee wetu wanavyojikusanya barazani baada ya alasiri, isipokuwa mazungumzo yao yalikuwa bima, hawala na bei ya mzigo. Mvua ikinyesha waliingia ndani na kuendelea na biashara. Mapadre walilalamika mpaka kwa mfalme. Minyororo ile ilikuwa mpaka wa mamlaka: ukishaivuka uko chini ya kanisa, na askari wa jiji hana la kukufanya. Hatimaye Felipe wa Pili akawajengea wafanyabiashara jumba lao jirani tu na kanisa, na tangu mwaka 1785 jumba hilo ndilo linalotunza nyaraka za dola ya Hispania ng'ambo.

Kwenye ngazi hizo hizo waliuzwa watu. Dalali alinadi fedha, mazulia, samani za marehemu fulani, kisha akamnadi mtu. Hesabu ya mwaka 1565 ilikuta watumwa 6,327 katika mji wa watu 85,538, karibu mmoja katika kila watu 14. Wengi walitoka Afrika Magharibi, kupitia mikononi mwa Wareno na soko la Lisbon. Wengine walikuwa Waislamu wa Afrika Kaskazini. Na baada ya uasi wa Granada wa mwaka 1568 hadi 1571 waliongezeka Wamorisko, watu waliozaliwa Hispania hiyo hiyo na babu zao wamezikwa pale. Walipika, walifua, walibeba mizigo bandarini, walinyonyesha watoto wasio wao. Diego Velázquez, mzaliwa wa Sevilla, akiwa bado kijana alimchora mwanamke mweusi jikoni, ameinamia meza yenye vyombo na kinu. Mchoro mmoja uko Dublin, mwingine unaofanana nao uko Chicago. Jina la mwanamke hakuna aliyejali kuliandika.

Haya niliyapata darasani, kwa mwalimu wa historia aliyekuwa na tabia ya kutusomesha huku akitazama dirishani. Kwenye ziara sikuyasikia. Mwongozaji wetu alitueleza uzito wa kengele na idadi ya michungwa, akatupitisha kwenye ngazi akituhimiza tuwahi foleni. Nilipoteremka tena wiki iliyofuata, palikuwa na vijana wameketi pale wanakula mbegu za alizeti.

Msomaji wa Unguja ameshafika ninakoelekea. Kanisa la Anglikana la Mkunazini limejengwa juu ya soko lenyewe la watumwa. Sultani Barghash alilifunga soko mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, Askofu Edward Steere akajenga kanisa mahali pale, na duara kwenye sakafu ya mbele ya madhabahu linaonyesha mahali ambapo inasimuliwa uliposimama mti wa kuwafungia watu na kuwachapa. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs: watu watano ndani ya shimo, na mnyororo wa kweli shingoni. Mtalii hawezi kutoka Mkunazini bila kuambiwa alisimama wapi.

Je, tumewazidi Sevilla? Kwa ziara, ndiyo, tena mbali. Lakini tuangalie kwa nini Mkunazini wanasema. Wamisionari waliingia pale soko likifungwa. Kila wanaposimulia viboko, kanisa linaonekana mwokozi. Haliwagharimu kitu kusimulia. Sevilla kanisa lilikuwepo dalali akipaza sauti, mapadre wakipita kwenda kusali, na lalamiko lao kubwa lililotufikia ni la makelele ya wafanyabiashara. Dhambi uliyokuja kuikomesha inasimulika kirahisi kuliko ile iliyofanyika mlangoni kwako. Hata Mkunazini penyewe wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama vile vyumba vya chini wanavyoonyeshwa wageni viliwahi kuwa vya watumwa, ila vinaendelea kuonyeshwa, kwa sababu hadithi inakubali.

Mimi ni mtu wa Pangani. Bonde letu lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na wenye mashamba hawakuwa Waingereza. Kwenye harusi zetu nasaba husomwa hadi Hadhramaut na Omani, babu kwa babu, wasikilizaji wakitikisa vichwa. Bibi aliyenunuliwa anarukwa. Kila ukoo una mmoja, na kila ukoo unajua ni yupi. Tukimcheka mwongozaji wa Sevilla aliyepita ngazi mbiombio, tukumbuke na kasi tunayopita nayo sisi tukifika kwa bibi huyo. Napendekeza shule za Pangani na Bagamoyo ziwapeleke watoto kwenye magofu ya mji wao kabla ya kuwapandisha boti kwenda Unguja, na mwalimu ataje nani alimiliki nini. Najua nitapigiwa simu kwa sentensi hiyo.

Kuhusu Sevilla nina la kuongeza, maana si haki kuuhukumu mji kwa ziara yake. Mwishoni mwa karne ya 14 Askofu Mkuu Gonzalo de Mena alianzisha nyumba ya kuwatunza weusi waliokuwa wagonjwa na wazee, na kutoka hapo kikakua chama cha ibada cha weusi, watumwa na walioachwa huru. Walikuwa na sanamu zao, kanisa lao dogo, mfuko wao. Waliwahi kugombana barabarani na chama cha waungwana, wakaburutwa mahakamani, wakaendelea kuandamana. Chama kipo hadi leo, na wanachama wake sasa karibu wote ni Waandalusia weupe. Watu wanakiita Los Negritos. Kila Alhamisi Kuu hutoka kanisani kwake na kupita ndani ya kanisa kuu kama vyama vingine vyote.

Nilikwenda kuwatazama na hijabu yangu kichwani, nikisimama nyuma. Mzee mmoja akanivuta mbele nione vizuri. Nikamuuliza kwa Kihispania changu cha kubahatisha, mbona chama kina jina hilo na simwoni mweusi hata mmoja? Akafurahi kuulizwa. Alianzia kwa Askofu Mena, akaja kwa watumwa, akaja kwa kesi ile ya mahakamani akimtetea mshtakiwa kana kwamba ilisikilizwa juzi. Sanamu ya Bikira ilitupita, ngoma zikapita, wafagiaji wa jiji wakaanza kukwangua nta ya mishumaa barabarani, na yeye bado yuko karne ya 17.